HOTUBA JUU YA KUMEZA VIDONGE VYA KISUKARI KWA USALAMA

(Iliyosomwa Busia mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Sikuja kuwatisha wenye kisukari, maana mimi mwenyewe ni mmoja wao, na huu ni mwaka wa kumi nameza vidonge kila siku. Nataka kusema juu ya hatari ambayo sisi watu wa mpakani twaikaribia kuliko wengine.

Busia na Malaba ni kama nyumba yenye milango miwili. Hata neno boda boda lilizaliwa mpakani huku, siku za baiskeli zilizovusha abiria na mizigo. Na tangu tarehe 24 Februari, 2018, Marais wa Kenya na Uganda walipokifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka hapa Busia, safari ya kuvuka imekuwa nyepesi zaidi. Twavuka kununua nguo, nafaka na samaki, na wengi wetu twavuka kununua dawa.

Ndugu yetu mmoja ameniruhusu nieleze yaliyompata, bila kulitaja jina lake. Alikuwa akimeza kila asubuhi kidonge cha glibenklamidi alichoandikiwa upande huu. Vidonge vilipokaribia kwisha akanunua pakiti nyingine upande wa pili. Pakiti hiyo ilikuwa na rangi nyingine na jina jingine, naye akadhani ni dawa ya pili ya kusaidiana na ile ya kwanza. Akameza zote mbili, akanywa chai ya rangi tupu, akaenda Malaba kuonana na mwanawe aliyekuwa katika foleni ya malori.

Ilipofika saa tano mikono ilimtetemeka, jasho likamtoka, akaanza kusema maneno yasiyo na maana. Watu wakasema, "Mzee huyu amelewa mapema," wakamlaza kivulini. Mwanawe ndiye aliyetambua. Akamnywesha maji ya sukari angali aweza kumeza, kisha akamkimbiza hospitali. Huko pakiti zile mbili zilipolinganishwa, zikaonekana kuwa na dawa ile ile moja. Alilazwa hadi siku ya pili, kwa sababu glibenklamidi hukaa mwilini kwa muda mrefu, na sukari huweza kushuka tena baada ya mgonjwa kuzinduka. Lau angaliachwa alale pale kivulini, leo tungekuwa twamtaja kama marehemu.

Basi yatupasa kujua kwamba kila dawa ina majina mawili. Jina kubwa ni la kiwanda, nalo hubadilika. Jina dogo lililo chini yake ndilo la dawa yenyewe. Soma jina dogo, kisha soma uzito wake: kidonge cha metformini chaweza kuwa cha miligramu 500, 850 au 1000. Usiyeweza kusoma, chukua pakiti ya zamani, umwonyeshe mwuza dawa katika duka lenye leseni. Vidonge na vikae ndani ya pakiti yake, mbali na jua na unyevu. Usivifunge katika kitambaa.

Dawa hizi mbili hazifanyi kazi moja. Metformini ilitokana na uchunguzi wa mmea wa Ulaya uitwao galega, na Dakta Jean Sterne wa Ufaransa alitangaza habari za kuwatibu wagonjwa kwayo mwaka 1957. Ikimezwa peke yake, ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Imeze pamoja na chakula ili tumbo lisichafuke. Ukitapika au kuharisha sana, usiendelee kuimeza kabla ya kumwona daktari, na figo zako zipimwe kila mwaka. Glibenklamidi, kwa upande wake, huisukuma kongosho itoe insulini hata kama hukula. Kwa hiyo imeze wakati wa chakula. Siku usiyokula, usiimeze. Atakaye kufunga Ramadhani au kufunga kwa maombi amwone daktari wiki kadhaa kabla. Wazee, na wenye figo dhaifu, na waulize kama iko dawa nyingine iwafaayo zaidi. Na uliyesahau kidonge cha jana, usimeze viwili leo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mweleze daktari kila kitu umezacho. Septrini huweza kuongeza nguvu ya glibenklamidi. Dolutegraviri, ambayo wengi humeza kwa ajili ya virusi vya UKIMWI, huongeza kiasi cha metformini mwilini, na huenda daktari akalazimika kuipunguza. Usiache dawa yo yote kwa shauri lako mwenyewe. Taja na mitishamba. Taja na busaa, chang'aa na waragi, maana pombe juu ya tumbo tupu hushusha sukari, na ikizidi huifanya metformini kuwa ya hatari.

Mwisho, mkimwona mtu anatetemeka, anatoka jasho na kuchanganyikiwa, msiharakishe kusema amelewa. Kama aweza kumeza, mpeni vijiko vinne vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, mrudieni. Akipata nafuu, mpeni chakula, kisha mpelekeni hospitali. Kama amezimia, msimtie kitu cho chote kinywani. Mlazeni ubavu na mkimbieni hospitali.

Bwana Mwenyekiti, naomba kila mwanachama mwenye kisukari aandike katika karatasi jina dogo la dawa yake, uzito wake na saa za kuimeza, aitie mfukoni pamoja na kitambulisho. Karatasi hiyo haina gharama, nayo yaweza kusema kwa niaba yake siku ambayo mwenyewe hataweza kusema.