Durban si Ufuko Tu

Wageni wengi wafikao Durban, bandari kubwa ya Afrika Kusini kwenye Bahari ya Hindi, huvutwa na ufuko wake. Maji ni ya vuguvugu, na mahoteli yamejipanga mbele ya mchanga. Lakini ufuko huo una historia. Hadi mwaka 1989 palisimama hapo mabango ya Kiingereza, Kiafrikana na Kizulu, yakitangaza kuwa sehemu hiyo ni ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliyepakua shehena bandarini hakuruhusiwa kuoga mbele ya mahoteli hayo.

Basi mgeni mwenye busara asiishie mchangani. Afike kwanza makumbusho ya KwaMuhle, katikati ya mji. Jengo hilo lilikuwa ofisi ya kuwatawala Waafrika. Hapo mtu alipanga foleni kuomba kibali cha kufanya kazi katika nchi ya babu zake. Kisha aende Inanda, nje kidogo ya mji, kwenye shule ya Ohlange. Huko amezikwa mwasisi wake, John Dube, aliyechaguliwa mwaka 1912 kuwa rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Na huko ndiko Nelson Mandela alikopiga kura tarehe 27 Aprili, 1994.

Mwalimu anayefundisha habari za Durban bila kuyataja mabango yale ametoa nusu ya somo. Bahari ni majaliwa. Haki ya kuoga ndani yake ilipiganiwa na watu.