Tuanze na Nyumba Anayolala Mama

(Mada iliyotolewa na mwanachama, mhasibu, kwenye mkutano mkuu wa mwaka, Dar es Salaam)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya kuboresha nyumba zetu za kijijini, nadhani kwa sababu mimi ni mhasibu na nimejenga. Nimekubali, ila nitaanza na hesabu ambayo sikuifurahia nilipoipiga.

Nyumba yangu ya Kirua ilikamilika mwaka 2017. Ina vyumba vinne, vigae kote, dari ya jipsamu na madirisha ya alumini. Ilinigharimu shilingi milioni 72 na laki 6. Kila mwaka tunapanda na familia tarehe 22 Desemba na kushuka tarehe 2 Januari, yaani usiku 11. Hadi Krismasi ya 2022 tulikuwa tumelala mle usiku 66. Gawanyeni wenyewe: kila usiku ulinigharimu shilingi milioni 1 na laki 1.

Hatua kama ishirini kutoka hapo, kwenye kihamba hicho hicho, iko nyumba ya mama. Yeye hulala humo usiku 365. Katika miaka hiyo yote nilimpakia rangi mara moja na kumbadilishia makochi. Choo chake kilikuwa kile kile cha shimo, nyuma ya migomba. Jiko lake la mafiga lilikuwa na mlango mmoja, na moshi haukuwa na pa kutokea.

Aprili 2023, katikati ya masika, mama alitoka usiku kwenda chooni. Mnaujua udongo wetu ukilowa. Aliteleza, akavunjika nyonga, akalala pale kwenye mvua mpaka jirani aliposikia anaita. Nyumba yangu yenye vyoo viwili vya ndani ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa Tabata, kwenye droo yangu.

Mimi ni kitinda mimba. Wazee mnajua kwa mila yetu maana yake ni nini: nyumba ya wazazi iko mikononi mwangu. Nilipofika hospitalini mama hakunilaumu. Aliniuliza kama nimekula.

Hapo ndipo nilipomwuliza swali ambalo ningelimwuliza kabla ya kununua tofali la kwanza: mama, ungependa turekebishe nini? Hakutaja vigae. Haya ndiyo tuliyofanya, kwa mpangilio wake yeye.

La kwanza, choo. Tulikata kona ya stoo, tukaweka choo cha kukaa, na karo tukalichimba nje, upande wa chini wa mteremko. Sakafu ni ya saruji iliyokwaruzwa, kwa sababu kigae kikilowa huteleza. Ukutani kuna bomba la chuma la kushikia, lililofungwa kwenye tofali lenyewe, maana likifungwa kwenye lipu tu litang'oka siku atakayolitegemea. Mlango ni mpana, mtu na mkongojo wake wanapita. Swichi ya taa iko karibu na kitanda.

La pili, maji ya paa. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mama ni mita 8 kwa 10, yaani mita za mraba 80. Mvua ya milimita 20 italetea paa hilo lita 1,600. Toa asilimia 20 kwa yanayorukia nje, zinabaki lita 1,280, ambazo ni ndoo 64 za lita 20 ambazo hakuna atakayezibeba kichwani. Mvua nne za namna hiyo zinajaza tangi la lita 5,000. Tangi likae juu ya msingi imara, mdomo wake uwe na wavu, na maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe. Gata zisafishwe kabla ya masika, maana miti ya kihamba haiachi kudondosha majani. Tena maji yakiingia kwenye tangi hayachimbi msingi wa nyumba, na kwenye miteremko yetu hilo si jambo dogo.

La tatu, jiko. Nilimnunulia mtungi wa gesi. Anautumia kwa chai. Ndizi anapika kwa kuni, na hilo halitabadilika kwa amri yangu. Basi tukafungua madirisha mawili yanayotazamana, tukajenga jiko la tofali lenye dohani. Kukohoa kumepungua.

La nne, njia. Ngazi za zege, chuma cha kushikia upande mmoja, na taa mlangoni.

Jumla ilikuwa shilingi milioni 6 na laki 4. Ni pungufu ya nilichotumia kwa uzio na geti la kulinda nyumba isiyo na mtu.

Neno juu ya fedha. Mara ya kwanza nilimtumia fundi fedha zote kwa simu, nikaletewa picha za saruji ya mtu mwingine. Safari hii tuliandikiana makadirio. Vifaa nilinunua mwenyewe Himo kwa risiti, ufundi nikaulipa kwa awamu, na mwalimu mmoja mstaafu akakagua kila awamu kabla sijatuma. Asilimia 10 niliizuia mpaka mvua iliponyesha, kwa sababu gata hukaguliwa na mvua.

Ndugu zangu, sisemi tusijenge. Nyumba ya kihambani ni heshima, watoto wetu wanajua kwao, na huko ndiko tutakakozikwa. Ninachoomba ni tuanze na anayelala huko leo. Na ambaye ameshajenga kama mimi, aache ufunguo nyumbani. Wa kwangu sasa anao mama.

Mwenyekiti, namalizia na harambee yetu. Mwaka huu tunachangia gata na matangi ya shule zetu za msingi. Jengo la madarasa lenye mita 8 kwa 21, kwa mvua ile ile ya milimita 20, linatoa zaidi ya lita 2,600. Paa lipo na limeshalipiwa. Watoto wanakuja shule na vidumu vya maji huku mvua inapita juu ya vichwa vyao.

Ombi langu: kila anayejenga au kukarabati nyumbani atoe kwa chama shilingi 1 katika kila 100 anayotumia. Kwa nyumba yangu ile ni shilingi 726,000. Sikuitoa wakati ule, kwa hiyo ni deni, na leo nimemkabidhi Mweka Hazina. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki.