Maganda Matupu ya Karanga na Dawa Yake
(Mazungumzo ya Bwana Shamba kwa wakulima wanaomwagilia)



Mara nyingine katika nchi kavu karanga za mfereji hustawi na majani hupendeza, lakini siku ya kung'oa maganda mengi huwa mapepe. Hapo maji, mbegu na jasho vimepotea. Katika udongo wa kichanga, sababu mara nyingi ni upungufu wa kalsiamu, yaani chakula kilichomo katika chokaa.

Fahamuni jambo hili. Kalsiamu inayonyonywa na mizizi hupanda majanini, wala hairudi chini kulisha ganda. Ganda hujitafutia lenyewe katika udongo unaolizunguka, na udongo huo ukikauka halipati kitu.

Ili kutambua, pasua punje katikati. Kichipukizi kikiwa cheusi, kalsiamu imepungua. Punje za namna hiyo hazioti vizuri, usiziweke mbegu.

Dawa yake ni jasi. Hapa Tanzania huchimbwa Makanya, wilaya ya Same. Fanya hivi:

1. Maua yanapoanza, pima kilo 200 za jasi iliyosagwa kwa ekari moja.
2. Inyunyize juu ya mistari, karibu na mashina, mahali maganda yatakapokaa. Usiifukie chini sana.
3. Mwagilia ili iyeyuke.
4. Tangu hapo hadi punje zijae, usiache udongo wa juu ukauke.

Lakini usifurikishe shamba. Katika udongo wenye chokaa nyingi, maji yakituama, majani machanga huwa ya njano na mishipa yake hubaki kijani. Hiyo ni njaa ya madini ya chuma. Kwanza fungua mitaro maji yatoke. Majani yasipopona, nyunyizia salfeti ya chuma jioni, gramu 5 kwa kila lita ya maji. Lakini yakianza njano majani ya chini, yaliyokomaa, huenda naitrojeni imepungua. Ng'oa mche mmoja utazame kama mizizi ina vifundo, na ukivipasua kama ndani ni vyekundu.

Msiniamini kwa maneno tu. Acheni mistari miwili bila jasi. Siku ya kuvuna, hesabuni mapepe ya kila upande, nanyi mtajua kama mwaka ujao jasi inafaa kununuliwa.