Siasa katika Baraza la Wataalamu wa Lugha



Katika mikutano ya vyama vya kitaaluma, mjadala unapopamba moto, hutokea mjumbe akasema: "Tusilete siasa hapa." Basi funika kombe mwanaharamu apite, mkutano hurejea kwenye ajenda. Lakini je, wataalamu wa lugha waweza kweli kuivua siasa mlangoni kama viatu?

Historia ya Kiswahili Sanifu yaonesha kuwa hawawezi. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, ingawa wapo wamishonari waliotetea Kimvita. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ilianza kuzihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ilishughulikia tahajia, kamusi na vitabu vya shule, kazi ambazo kwa sura yake ni za kitaalamu tupu. Hata hivyo, lahaja ya kuingia darasani ilikwisha kuamuliwa chini ya serikali za kikoloni, wala wenye lugha hawakuwa waamuzi. Aliyesahihisha tahajia alikuwa akitekeleza uamuzi wa kisiasa, ajue asijue.

Uhuru haukuliondoa suala hilo. Mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa nchini Tanzania kwa sheria ya Bunge. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia katika shule za sekondari mwaka 1985 na katika vyuo vikuu mwaka 1992. Miaka yote miwili ilipita pasipo pendekezo hilo kutekelezwa. Kuunda istilahi za fizikia ni kazi ya mtaalamu; kuziruhusu zitumike darasani ni kazi ya mwenye mamlaka. Mtaalamu akikatazwa kuuliza sababu, atabaki akiandaa istilahi za darasa lisilofunguliwa.

Hata hivyo, hofu ya wanaoikwepa siasa si ya bure. Wafuasi wa vyama vinavyopingana hulazimika kuandika kamusi moja, na ushabiki ukiingia, kila kidahizo hugeuka kura. Kwa hiyo itenganishwe hoja ya sera na kampeni ya chama. Kipimo chake ni chepesi: je, hoja hiyo ingesimama vilevile endapo chama kingine kingekuwa madarakani? Ikisimama, ijadiliwe, isiposimama, ipelekwe jukwaani kwake.

Neno lenyewe latoa mwongozo. Siasa, pamoja na maana yake ya mambo ya utawala, ina maana ya upole na utaratibu. Kusema na mtu kwa siasa ni kusema naye bila pupa wala ukali. Baraza la wataalamu lazihitaji maana zote mbili: ya kwanza ili lisiwe kipofu, na ya pili ili lisivunjike.