Kitabu cha Njia na Mtu wa Njia



Kijana mmoja wa Kibiti, aliyekuwa akidunduliza nauli ya kwenda kuhiji Namugongo, Uganda, aliniuliza achague kitabu gani cha kumwongoza msafiri mwenye fedha chache. Nilimjibu: kwanza tazama mwaka kilipochapwa. Chukua mfano wa kwetu. Kitabu cha kabla ya mwaka 2003 kitakuambia ungojee pantoni pale Ndundu ili uvuke Rufiji, kumbe leo magari yapita juu ya Daraja la Mkapa. Mwandishi hakusema uongo; njia ndiyo iliyobadilika. Pili, mtafute aliyekwenda juzi, umwulize nauli na malazi. Hata nahodha wa Nyamisati hutazama kwanza maji kujaa na kupwa, ndipo aingie katika mikono ya mto.

Yule towashi wa Ethiopia, katika Matendo ya Mitume sura ya 8, alikuwa na chuo cha Isaya mkononi. Hakukielewa mpaka Filipo alipopanda garini akaketi naye.

Ndugu katekista, watoto wanakusoma wewe kabla ya kukifungua kitabu. Je, njia unayowaelekeza unaipita leo, au uliipita zamani tu?

Bwana atujalie kutembea nao. Amina.