Pete ya Kutoonekana



Jumapili moja niliwauliza watoto wa Shule ya Jumapili, hapa kisiwani Lamu, wangefanya nini kama wangepewa pete ambayo mtu akiivaa haonekani. Mikono yote ikainuka. Mmoja alisema atapanda mashua kwenda Mokowe na kurudi bila kulipa nauli. Wa pili ataingia dukani ale halua mpaka ashibe. (Baba yake huyo ni mzee wa kanisa, kwa hiyo simtaji.) Nyuma kabisa alikaa msichana wa miaka kama kumi na miwili, aliyeletwa kutoka bara kuwasaidia jamaa zake kazi za nyumbani. Yeye akasema, "Mimi nitalala." Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka.

Hadithi ya pete hiyo ni ya kale sana. Plato, mwenye hekima wa Wayunani aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo, aliandika habari za mchungaji wa kondoo aliyeokota pete ya namna hiyo. Akigeuza jiwe lake upande wa ndani, haonekani. Basi akaenda jumba la mfalme, akamshawishi malkia, akamwua mfalme, akautwaa ufalme. Mwaka 1897 Mwingereza H. G. Wells naye alitunga kitabu juu ya mtu asiyeonekana. Lakini nguo zake zilionekana, hata ikambidi atembee uchi katika baridi ya Uingereza. Alipokwisha kuuawa ndipo watu walipouona mwili wake. Watu hawazichoki hadithi hizi, wala sishangai. Moyo wa mwanadamu hupenda kuona bila kuonekana, na kutwaa bila kuulizwa. Adamu alijaribu jambo hilo kwa majani ya mtini na miti ya bustani.

Lakini jibu la yule msichana halikuwa la namna hiyo. Hakutaka kuiba kitu wala kuchungulia mambo ya watu. Usiku nilipolala likanirudia, nikaona aibu kwa kicheko changu.

Mji wetu wa Lamu unajua kuficha. Zamani mwanamke wa kiungwana alipotoka nje alitembea ndani ya shiraa, yaani kitambaa kikubwa kilichoinuliwa kwa miti pande zote kama hema linalotembea. Na juu ya vichochoro kulikuwa na wikio, kile chumba cha juu kinachovuka njia kutoka nyumba hii hata nyumba ile, ili watu wa ndani wapite bila kushuka barabarani. Waungwana walikuwa na pete yao, tuseme hivyo.

Sasa tuwaangalie walioshika ile miti ya shiraa. Hao walikuwa watumwa. Nyuso zao zilikuwa wazi juani, kila mpita njia aliweza kuwatazama, lakini ni nani aliyewatazama? Bibi alikuwa amefichwa, na mji mzima ulijua ni bibi gani anayepita. Mjakazi alikuwa mbele ya macho, naye hakuonekana. Utumwa ulifutwa kwa sheria katika pwani yetu mwaka 1907. Desturi ya kutotazama haikufutwa siku ile.

Fumo Liyongo aliitumia desturi hiyo. Alipofungwa gerezani Pate, chakula chake kililetwa na Saada, mjakazi wa mama yake, na walinzi walikuwa wakikila kila kilicho kizuri. Kwa hiyo tupa ya kukatia minyororo ilifichwa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi wakala mkate mwema, wakampa Liyongo wa wishwa pamoja na dharau. Sisi tunamsifu Liyongo kwa nguvu zake. Saada je, aliyepita na tupa ile mbele ya macho yao?

Hebu fungua kitabu cha Mwanzo, mlango wa kumi na sita. Hajiri ni mjakazi. Sarai na Abramu wanazungumza juu yake, na kila mara ni mjakazi wangu, mjakazi wako. Jina lake halimo vinywani mwao. Anakimbia jangwani, na huko kwenye chemchemi malaika wa Bwana anamwita Hajiri, tena anamwuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Naye akampa Mungu jina: Mungu aonaye. Wengi wetu tukisikia kwamba Mungu anatuona, tunatafuta mahali pa kujificha. Hajiri aliipokea habari hiyo kama maji.

Juma lile nilikwenda katika nyumba anamokaa yule msichana. Nimekunywa chai pale mara nyingi. Sikumbuki hata mara moja ni nani aliyeileta. Nilimwuliza mama wa nyumba, "Dada, mtoto huyu hulala saa ngapi?" Akafungua kinywa ajibu, kisha akanyamaza. Akageuka kuelekea jikoni, akamwita kwa jina lake, amwulize.

Tuombe.