Muhtasari Kauandika Nani?

(Mada niliyoitoa kwa vijana wetu hapa Mwimbi)

Najua mwanafunzi wa sheria akishika maiki mnategemea vifungu. Vitakuja, ila naanza na historia.

Mwaka 1905 kusini mwa nchi yetu vilizuka Vita vya Maji Maji. Watawala wa Kijerumani wakaandika ripoti zao, wengi wakiwalaumu waganga na ushirikina. Mwaka 1968, chuo kikuu cha Dar es Salaam kikawatuma wanafunzi, vijana kama sisi, wakawahoji wazee vijijini. Mwanahistoria Gilbert Gwassa naye aliwahoji wazee wa Umatumbi. Wazee wakaeleza kodi, viboko, na kulimishwa pamba kwa nguvu. Maji yaliwaunganisha watu, lakini machungu yalikuwepo kabla ya maji.

Tunajifunza nini? Kwamba karatasi ni shahidi mmoja tu, na shahidi huhojiwa. Nani kaandika? Kwa faida ya nani? Nani hakuulizwa?

Sasa tuje kwetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 8, inasema Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila kwanza kupata idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni mimi na wewe, kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Na idhini hiyo inathibitishwa na nini? Muhtasari! Siku shamba la babu yako likiingia kwenye mgogoro, itatafutwa karatasi ile. Ikiwa imeandikwa "wananchi wote waliridhia", na wewe siku hiyo ulikuwa kijiweni, utajibu nini?

Kwa hiyo tuhudhurie. Tudai muhtasari uliopita usomwe kwa sauti kabla ya kuthibitishwa, na palipokosewa tuseme palepale. Kila mmoja awe na daftari: tarehe, waliohudhuria, waliopinga. Na tusijidanganye, mihtasari ya vikao vya chama chetu nayo tuihoji hivyohivyo.

La mwisho, wazee wetu wanaoijua mipaka ya mashamba, tuwaulize sasa. Wale wa 1968 walikuwa wanakumbuka mambo ya miaka zaidi ya 60 nyuma. Wanafunzi wangechelewa kidogo tu, kumbukumbu nyingi za wazee zingepotea.